Sanje Si ya Saa Sita Mchana

Picha nyingi za maporomoko ya Sanje zinazozunguka kwenye simu zetu zina kasoro ileile. Maji yamekuwa meupe kupita kiasi, anga limeungua, majani yanarudisha mng'ao wa jua badala ya kuonyesha kijani chake, na mtu aliyesimama mbele ana kivuli kizito machoni. Ukiuliza zilipigwa saa ngapi, jibu ni lilelile: kati ya saa tano na saa nane mchana. Wapigaji si wazembe. Ni ratiba ya safari inayowafikisha pale wakati huo. Gari limeondoka Mikumi au Ifakara baada ya chai, watu wamelipia kiingilio, wamepewa mwongozaji, wamepanda mlima wakihema, na walipofika mbele ya maji jua lilikwisha kukaa utosini.

Dawa ya tatizo hilo haiuzwi kwenye maduka ya kamera. Ni hema. Anayelala chini ya milima ya Udzungwa usiku mmoja au miwili anapata asubuhi na anapata alasiri, na Sanje ni maporomoko ya asubuhi na alasiri. Lenzi ya bei kubwa iliyofika saa sita itashindwa na simu ya kawaida iliyofika saa mbili.

Ukuta unaotazama mashariki

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992. Ina kilomita za mraba 1,990, na imelalia mikoa miwili, Morogoro na Iringa. Humo hakuna mizunguko ya magari kama ya Mikumi au Serengeti. Anayetaka kuona aende kwa miguu. Makao makuu yako Mang'ula, kando ya barabara ya Mikumi kwenda Ifakara, takriban kilomita 350 kutoka Dar es Salaam, na reli ya TAZARA inapita hapohapo.

Sura ya upande huu wa mashariki humshangaza hata aliyezaliwa milimani. Mashamba ya miwa ya bonde la Kilombero ni tambarare, halafu mlima unainuka ghafla. Msitu unaanzia kwenye mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari na kupanda bila kukatika hadi zaidi ya mita 2,000. Sehemu za Afrika Mashariki ambako msitu bado unapanda hivyo, bila shamba wala malisho kuukata katikati, ni chache mno.

Mto Sanje unatoka kwenye msitu wa juu, unafika ukingoni, na kushuka kwa hatua tatu zenye jumla ya mita 170. Maporomoko haya hayafikii yale ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, yanayozidi mita 200. Lakini ni zaidi ya mara mbili ya Thomson's Falls za Nyahururu nchini Kenya, zenye mita 74. Namba hizi ni nzuri kwa kibao cha langoni. Kwenye picha hazina maana mpaka pawe na kitu ambacho jicho linakijua ukubwa wake. Ndiyo maana simchukii yule mtu mwenye fulana nyekundu anayejipanga mbele ya maji. Ninachokataa ni kumweka karibu na kamera hadi akameza nusu ya fremu. Mwombe aende mbali, asimame kwenye mwamba ulio chini ya maporomoko, awe mdogo. Hapo ndipo mita 170 zinapoonekana.

Sasa tuje kwenye jua. Kwa kuwa ukuta huu unatazama mashariki, jua la asubuhi linaugonga moja kwa moja likiwa bado chini, juu ya bonde la Kilombero. Wewe umesimama mbele ya maporomoko, jua liko nyuma yako, manyunyu yako mbele yako. Huo ndio mpangilio wa upinde wa mvua, na haujali bahati. Upinde hujitokeza kwenye pembe ya nyuzi 42 kutoka mahali kivuli cha kichwa chako kinapoelekea. Jua likiwa chini, upinde unasimama juu kwenye manyunyu. Kadiri jua linavyopanda ndivyo upinde unavyozama, na ikifika kama saa nne asubuhi aliyesimama usawa wa maji hana tena upinde wa kuutafuta mbele yake. Watalii wa saa sita huambiwa na mwongozaji kwamba asubuhi palikuwa na upinde. Wengi hudhani wanatiwa moyo tu.

Tahadhari ndogo kwa wenye filta ya polaraiza, kile kioo cha kuzungusha kinachoondoa mng'ao kwenye majani na mawe yaliyolowa. Msituni ni kifaa cha thamani kuliko vyote, na ningekuwa na fedha ya filta moja tu ningenunua hiyo. Lakini mwanga wa upinde wa mvua nao una mwelekeo wake: ukizungusha filta upande mmoja upinde unakolea, upande wa pili unafutika kabisa. Zungusha taratibu ukiwa unatazama.

Picha ya alasiri ni nyingine kabisa. Jua likishapita juu ya ukingo na kuelekea magharibi, mlima wenyewe unayatia maporomoko kivulini. Tofauti kati ya weupe wa maji na weusi wa mwamba, ambayo saa sita inaishinda kamera yoyote, inapungua hadi kiwango ambacho kamera inakimudu. Kijani kinarudi. Unaweza kufungua shata kwa muda mrefu bila maji kuungua. Mawingu mazito hufanya kazi hiyohiyo saa yoyote, kwa hiyo anayeamka akakuta kumetanda asinung'unike; siku hiyo ni ya msitu na mito. Ila alasiri ina masharti yake: lazima uteremke kabla ya giza, na chini ya miti mikubwa giza huwahi kuingia. Mwongozaji akisema tuondoke, funga tripodi.

Maji ya hariri

Kuna ugomvi wa zamani kati ya wapiga picha kuhusu maji yanayoporomoka. Wengine wanayataka yawe laini, yameteleza. Wengine wanataka kila tone lisimame hewani. Ya kwanza hupatikana kwa kuacha shata wazi, tuseme robo ya sekunde hadi sekunde kadhaa. Ya pili kwa kuifunga haraka, 1/500 ya sekunde au chini ya hapo.

Wanaopenda maji laini mara nyingi hudhani huo ni mtindo wa kisasa. Ni wa kale kuliko mtindo wowote. Mwaka 1861 Mmarekani Carleton Watkins aliingia bonde la Yosemite, California, na nyumbu waliobeba kamera iliyotumia vioo vya karibu sentimita 46 kwa 56. Kila kioo kilipakwa dawa na kupigwa picha kabla hakijakauka, na dawa zenyewe zilikuwa nzito kushika mwanga, zikahitaji sekunde nyingi. Maji hayakusubiri. Yakatoka meupe, yamelainika, yasiyo na tone hata moja, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine. Leo tunanunua filta nyeusi ya ND, inayopunguza mwanga, ili kuurudisha udhaifu wa vioo vya Watkins, na tunauita sanaa. Picha zake, kwa njia, hazikuishia ukutani: zilikuwa miongoni mwa zilizowaonyesha wakubwa wa Washington bonde ambalo hawakuwahi kulikanyaga, na mwaka 1864 Rais Abraham Lincoln akatia saini sheria ya kulihifadhi.

Kwa upande wangu, sekunde kumi kwa Sanje ni nyingi mno. Maji yanayoanguka kutoka juu kiasi hicho yana nyuzi: yanachanika, yanagonga jiwe, yanabadili njia, yanarushwa na upepo. Ukiacha shata wazi sekunde kumi unafuta yote hayo na kubaki na doa jeupe ambalo lingeweza kuwa la maporomoko yoyote duniani. Kati ya 1/8 na nusu sekunde, nyuzi zinabaki na mwendo unaonekana. Mto ulio chini, unaopita taratibu kati ya mawe, huo unaweza kuvumilia sekunde mbili au tatu, hasa pakiwa na povu linalozunguka kwenye kidimbwi na kuchora duara.

Mipangilio mingine haina maneno mengi. ISO iwe ya chini kabisa, 100 kwa kamera nyingi. Tundu la lenzi f/8 au f/11. Kulibana hadi f/22 ili kupata shata ndefu kunapunguza ukali wa picha nzima, na filta ya ND ya kupunguza mwanga mara nane inagharimu kidogo kuliko majuto. Pima mwanga kwenye maji, si kwenye msitu. Kamera ikiona giza la miti hujaribu kulitia nuru, na anayelipa ni maji, ambayo yakishaungua hakuna programu ya kompyuta itakayoyarudisha. Afadhali picha itoke nyeusi kidogo. Vivuli huinuliwa baadaye.

Halafu kuna majani. Maporomoko makubwa yana upepo wake yenyewe, unaozaliwa na maji yanaposukuma hewa chini. Siku isiyo na upepo popote pengine, matawi yaliyo jirani na maji yanacheza mfululizo, na katika picha ya nusu sekunde yanatoka kama yamefutwa na kidole. Njia ya kawaida ni kupiga picha mbili bila kusogeza tripodi, moja ndefu kwa ajili ya maji na moja fupi yenye ISO kubwa kwa ajili ya majani, kisha kuziunganisha nyumbani. Wapo wanaoona huo ni udanganyifu. Jicho la mtu aliyesimama pale liliona maji yakienda na majani yakiwa na ncha, kwa hiyo sioni aliyedanganywa.

Mwenye simu asijione yuko nje ya mazungumzo haya. Simu za iPhone zinaweza kugeuza picha hai kuwa ya mwanga mrefu baada ya kupigwa, na simu nyingi za Android zina sehemu ya kupanga kasi ya shata mwenyewe. Shida ya simu ni mkono unaotetemeka. Iegemeze kwenye jiwe, weka kipima muda cha sekunde mbili, uachilie. Na usivute picha kwa vidole. Sogea kwa miguu.

Unyevu, siafu na kuni

Kambi za chini ziko jirani na ofisi za Mang'ula, chini ya miti, na kutoka hapo kijiji cha Sanje, inakoanzia njia ya kupanda, kiko umbali wa kilomita tisa hivi. Jambo la kwanza la mpiga picha akifika ni kwenda ofisini jioni hiyohiyo, kulipa na kupanga mwongozaji wa kesho alfajiri. Anayesubiri asubuhi ndipo aanze kutafuta mwongozaji atajikuta yuko kwenye ratiba ya wale wa saa sita, na hema lake halijamsaidia kitu.

Hofu ya wengi porini ni wanyama. Kwa kamera, adui ni unyevu. Usiku hewa ya chini ya milima hupoa na kushiba maji. Kamera iliyoachwa mezani nje ya hema inaamka imelowa, na iliyofichwa kwenye begi lenye taulo bichi inaamka na ukungu ndani ya lenzi. Ifungie kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na vifaa vya umeme. Watu wengi hutumia mchele. Mchele una vumbi, na vumbi la mchele ndani ya kamera ni kesi mpya. Ukirudi nyumbani, hasa kama unaishi pwani, toa vifaa begini na uvipeperushe. Kuvu likishaota kwenye kioo cha lenzi linakula dawa iliyopakwa juu yake, na fundi atakusafishia lakini alama itabaki.

Mbele ya maporomoko manyunyu yatajaza lenzi kabla hujamaliza kupanga fremu. Funika lenzi, panga kila kitu, futa, piga, funika tena. Kipande cha khanga kilichofuliwa hadi kikalainika kinafaa sana kwa mwili wa kamera na kwa uso wako mwenyewe. Kioo cha lenzi kifutwe kwa kitambaa chake, vitatu au vinne vikavu, maana cha kwanza kitalowa mara moja. Tripodi ikiwa ndani ya mto, tanua miguu, ikandamize mchangani, ning'iniza begi la mawe katikati, na uzime kile kifaa cha kutuliza mtikisiko ndani ya lenzi, kwa sababu kikiwa juu ya tripodi hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuleta chenyewe. Mkondo wenyewe hutetemesha miguu ya tripodi. Mara nyingi jiwe kavu lililo hatua mbili nyuma linatoa picha kali zaidi.

Siafu hawana neno zaidi ya hili: tazama chini kabla hujapiga goti.

Kuhusu moto, niseme wazi. Picha ya hema linalong'aa kwa ndani, moto ukiwaka mbele na mwanga wa nyota juu, imekwisha kupigwa na kila mtu, na kwa Udzungwa ina jambo lisilopendeza nyuma yake. Zamani wakazi wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, wengi wao wanawake, waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni kavu za kupikia. Ruhusa hiyo ilifutwa mwaka 2011 kwa ajili ya kuulinda msitu. Mama wa Sanje hawezi kuchukua kijiti. Si haki mgeni kutoka mjini akichome ili picha yake ipate rangi ya dhahabu. Beba jiko la gesi.

Msitu ni mgumu kuliko maji

Maporomoko yanajitangaza yenyewe. Msitu hausemi chochote. Unainua kamera, mbele yako kuna kijani elfu, vigogo, kamba za mimea, majani yaliyooza, vipande vya mwanga, na picha inatoka vurugu tupu. Wengi hukata tamaa hapo na kurudi kwenye maji.

Msituni kazi ni kupunguza. Tafuta kigogo kimoja chenye mizizi iliyotanuka kama kuta na uache mengine yawe nyuma yake. Subiri ukungu: asubuhi baada ya mvua ya usiku, ukungu unapita kati ya miti na kuitenga mmoja mmoja, wa mbele ukiwa mweusi, wa nyuma ukififia, na ule msongamano uliokushinda jana unapangika bila wewe kugusa kitu. Ukungu huo hauna saa nyingi. Jua likipanda unakwisha. Hapa tena aliyelala jirani anashinda. Usiingize anga kwenye fremu, kwani kila tundu la anga kati ya majani linatoka doa jeupe. Rangi nayo itakuhadaa: mwanga uliochujwa na majani unazipaka ngozi za watu kijani, na kamera ikiachiwa iamue yenyewe mara nyingi hurekebisha kupita kiasi na kuufanya msitu wote uwe wa waridi. Chagua mwenyewe mpangilio wa mawingu au wa kivuli, na usiubadilishe kila baada ya hatua mbili.

Wanyama wa hapa ni wa kusikia kabla ya kuona. Mbega mwekundu wa Udzungwa hupita juu ya kambi za Mang'ula kwa vishindo vya matawi. Mangabei wa Sanje, kima ambaye wanasayansi hawakumjua hadi mwaka 1979 na ambaye hapatikani popote nje ya milima hii, huanza kwa sauti ya chini inayogeuka kuwa mlio wa kubwata. Kumpiga picha ni suala jingine: ni wa kijivu, yuko kwenye kivuli, haketi.

Kuna picha moja ya Udzungwa ninayoiheshimu kuliko za maporomoko yote, na hakuna aliyekuwa nyuma ya kamera ilipopigwa. Mwaka 2005 kamera za kujiwasha, zilizofungwa kwenye msitu wa Ndundulu na watafiti akiwemo Mwitaliano Francesco Rovero, zilimnasa sange mwenye uso wa kijivu ambaye hakufanana na sange yeyote aliyekuwa ameandikwa vitabuni. Sange ni mnyama mdogo mwenye pua ndefu ya kuchezacheza, anayepekua majani makavu kutafuta wadudu. Huyu alikuwa mkubwa kuliko ndugu zake wote, uzito wa gramu 700 hivi. Watafiti walirudi, wakamshika, wakampima, na mwaka 2008 akatangazwa kuwa spishi mpya kwa jina la Rhynchocyon udzungwensis. Kama picha, ile ya kwanza haina uzuri wa kumtikisa mtu. Lakini ilionyesha kilichokuwepo.

Manyunyu yenye wenyewe

Nimeyataja manyunyu kama kero ya lenzi. Yana kazi kubwa zaidi, na Watanzania wanaijua hadithi yake kwa jina la vyura wa Kihansi.

Kihansi iko kwenye ukingo wa kusini wa safu hiihii ya Udzungwa, nje ya hifadhi. Mto Kihansi uliporomoka kwenye korongo kwa nguvu, na manyunyu yake yalilowesha kipande cha nyasi na kuvumwani chenye ukubwa wa hekta mbili hivi. Humo aliishi chura wa manjano asiyefika sentimita tatu, anayezaa watoto hai badala ya kutaga, asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Wanasayansi walimkuta mwaka 1996. Mwaka 2000 maji ya mto yalikuwa yakielekezwa kwenye mitambo ya umeme ya megawati 180, sehemu ndogo tu ikaachwa ipite kwenye maporomoko. Manyunyu yakapotea. Yaliwekwa mabomba ya kunyunyizia, vyura karibu 500 wakapelekwa Marekani kwenye bustani za wanyama, miongoni mwao ile ya Bronx jijini New York, na waliobaki korongoni wakashambuliwa na ugonjwa wa kuvu. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Vizazi vya wale waliopelekwa Marekani vilianza kurudishwa, kwanza kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 baadhi wakaachiliwa tena Kihansi.

Bungeni na vijiweni watu walibishana: umeme au vyura. Ubishi huo siutatui hapa. Ninachotaka mwenye kamera akione ni kwamba maporomoko yana eneo lake la pembeni, lile ambalo tunalikata kwenye fremu ili maji yajae. Kingo zinazolowa mchana kutwa zina kuvumwani, buibui, vyura, mimea midogo inayoshikilia mwamba wima. Sogeza kamera kushoto. Piga mwamba uliolowa kwa ukaribu, na maji yabaki nyuma yakiwa yamefifia. Picha hiyo itapata wapenzi wachache mtandaoni kuliko ile ya mtu aliyetanua mikono mbele ya maji, lakini mtaalamu wa mimea ataikuza kwenye skrini yake na kukuuliza uliipiga lini.

Kwa sababu hiyo usifute tarehe wala taarifa zinazobaki ndani ya faili la picha. Chagua jiwe moja ambalo utalikumbuka, piga kutoka hapo kila unapokwenda, upana uleule wa lenzi. Mito ya Udzungwa inachangia kunywesha miwa ya Kilombero na vijiji vya chini, na mfululizo wa picha za mwamba uleule unaonyesha maji yanavyopanda na kushuka mwaka hadi mwaka.

Mambo ya ruhusa na msimu

Kutembea hifadhini ni pamoja na mwongozaji, na kwenye njia ndefu za kulala juu mlimani huwa pia na askari mwenye silaha, maana tembo na nyati wapo. Njia ya kilele cha Mwanihana, kinachozidi mita 2,000, ni ya siku tatu na usiku miwili. Humo mpiga picha anapata mito midogo isiyo na jina kwenye kadi za posta, na nafikiri ndiyo safari bora kwa anayejua tayari kulala porini. Kwa asiye na miguu ya kupanda, yapo maporomoko madogo yaliyopewa jina la Prince Bernhard wa Uholanzi, rais wa kwanza wa WWF, karibu kabisa na ofisi za Mang'ula. Yanadharauliwa bure. Yako chini ya miti, kwa hiyo mwanga wake ni mzuri sehemu kubwa ya siku, na mtoto wa shule anayafikia.

Droni hairushwi bila kibali, na vibali vyake haviombwi langoni asubuhi ya safari. Picha za biashara, filamu na matangazo zina utaratibu wake na malipo yake. Watu wa vijijini si mapambo ya mandhari: mwanamke anayefua mtoni, chini ya mpaka wa hifadhi, anaombwa ruhusa kwa salamu kamili, na akikataa, amekataa.

Mvua upande huu hunyesha zaidi kuanzia Novemba hadi Mei. Aprili maji ya Sanje huwa mengi kiasi cha kutisha, manyunyu hayakuruhusu kusogea, na njia ni utelezi mtupu. Oktoba njia ni kavu, na maporomoko yamepungua hadi yanaonyesha mwamba mwingi kuliko maji. Juni na mwanzo wa Julai ndio wakati wangu: mto bado umeshiba, udongo umeanza kushika mguu, asubuhi zina ukungu, na jua linachomoza kama saa moja kasorobo, muda wa kutosha kunywa uji kabla ya kupanda. Bei na saa za kuanza kutembea hubadilika; wasiliana na ofisi ya hifadhi Mang'ula kabla ya kukata tiketi, na ukiwa kwenye simu uliza maji ya Sanje yakoje wiki hiyo.